Laki sita kwa ripoti ya SEO ambayo hata aliyeniuzia hajaisoma: hawa vishoka wa tovuti Dar mpaka lini?

Wakuu, salamu zitafuata. Leo nina hasira.

Nina karakana ya fanicha Keko. Vitanda, makabati, meza za chakula. Mninga na mkongo, siyo maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Wateja wangu wengi wananipata Google, wanapiga simu, halafu wanakuja kukagua mbao kwa macho yao. Kampuni iliyonitengenezea tovuti ikanishawishi niibadilishe, "ya zamani imepitwa na wakati, bosi". Mpya ikaja, inang'aa kweli. Simu zikakata. Sisemi zilipungua, nasema zilikata.

Nikawauliza kulikoni. Jibu: tovuti inahitaji "ukaguzi wa SEO" (yaani kuangalia kwa nini haionekani vizuri Google), ni huduma ya pembeni, laki sita. Nikalipa. Ikaja PDF ya kurasa arobaini na ushee, nembo yao kila ukurasa, mbele kuna duara kubwa limeandikwa 71 kati ya 100. Kiingereza mwanzo mwisho. Pamoja nayo, bei ya "awamu ya pili": milioni moja na nusu, na ahadi ya kuwa namba moja Google ndani ya siku 90. Google wenyewe wameandika kwenye miongozo yao kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Sijui huyu wa kwetu ana mjomba huko California.

Sasa soma kilichowekwa rangi nyekundu ukurasa wa kwanza: tovuti haina "meta keywords", yaani orodha ya maneno inayofichwa ndani ya ukurasa. Jamani! Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawaitumii hiyo kitu kupanga matokeo. 2009! Chini yake wananitisha kwamba "Domain Authority" yangu ni 6. Hiyo ni alama ya kampuni ya Moz ya kukisia nguvu ya tovuti, Google hawaitumii, lakini ndiyo sababu wanataka nilipie viungo kutoka tovuti nyingine, jambo ambalo Google wanalihesabu kuwa ni udanganyifu. Kwenye kasi, ripoti inapima kitu kinaitwa FID, kipimo cha ukurasa unavyowahi kuitikia ukibonyeza, ambacho Google walikiondoa Machi 2024 wakaweka INP. Yaani hata programu waliyobonyeza kutoa hii ripoti ni ya zamani.

Nikaamua kukagua mwenyewe. Mimi ni fundi seremala, kompyuta najua za kuandikia ankara tu, kwa hiyo asiniambie mtu eti ni mambo ya wasomi.

Kwanza nikafungua Google, nikaandika site: kisha anwani ya tovuti yangu bila kuacha nafasi. Hiyo inaleta kurasa zako ambazo Google anazijua. Ikaja patupu. Hakuna hata ukurasa mmoja! Nikafungua tovuti kwenye kompyuta, nikabofya kitufe cha kulia cha mausi, nikachagua kuona "code" ya ukurasa, yale maandishi ya ndani yanayoujenga, nikatafuta neno noindex. Lipo, limekaa juu kabisa. Maana yake kila mashine ya Google inayopita inaambiwa: usiuorodheshe ukurasa huu.

Kwa wasiojua: kwenye WordPress, programu iliyojengewa tovuti yangu, ndani ya mipangilio sehemu ya Reading, kuna kiboksi cha kuzuia tovuti isiorodheshwe. Mafundi hukitiki wakati wa ujenzi ili kazi isionekane kabla haijakamilika. Ukimaliza, unakitoa. Hawakukitoa. Mtu amekupigilia misumari mlango wa duka, kisha anakutoza hela ya kuchunguza kwa nini wateja hawaingii.

Kilichonimaliza ni hiki. Nikarudi kwenye PDF, nikaipitia mstari kwa mstari na kamusi ya simu pembeni. Ukurasa wa 33, maandishi madogo, ile programu imeandika yenyewe kwamba kurasa zimezuiwa kuorodheshwa. Ilikuwemo! Jamaa alichukua laki sita akanitumia kitu ambacho hata yeye hakukifungua. Nikampigia. "Aah bosi wangu, hiyo ni ya kiufundi, tungeifikia awamu ya pili."

Tukaja kwenye Search Console. Hiki ni chombo cha Google, bure kabisa, kinakuonyesha kurasa zipi zimeingia, zipi zimekataliwa na kwa sababu gani. Kumbe yangu ipo siku zote, imesajiliwa kwa Gmail ya kampuni yao. Nikaomba waniingize. "Akaunti ni ya kampuni, bosi." Ya kampuni vipi wakati jina la tovuti nalipia mimi? Bahati nzuri unaweza kujithibitisha mwenyewe kama mmiliki hata kama mwingine alishathibitishwa: unapewa mstari wa maandishi, unauweka kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina lako la tovuti kule ulikolisajili. Jina langu nililisajili mwenyewe, nikaingia. Ambao jina la tovuti limeandikishwa kwa jina la fundi, hapo ndipo mtalia.

Ndani nikakuta uozo mwingine. Kurasa zote za tovuti ya zamani zinaleta 404, yaani "ukurasa haupo". Ule wa vitanda, uliokuwa unaniletea wateja, umepewa anwani mpya na ya zamani ikaachwa ife. Ilitakiwa ielekezwe kwenye mpya kwa kitu kinaitwa 301, na Google wanashauri uelekezaji huo ubaki angalau mwaka mmoja. Hawakuelekeza hata mmoja.

Chombo hicho kinatunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo maneno waliyokuwa wanatafuta wateja bado yapo. "Bei ya kitanda 5 kwa 6 mninga." "Fundi makabati ya jiko Dar." Kiswahili kitupu! Tovuti mpya wameijaza "bespoke luxury furnishing solutions". Nani Temeke anaandika hivyo akitafuta kitanda? Halafu kichwa cha kila ukurasa ni "Home".

Picha nazo, zimepakiwa kama zilivyotoka kwenye simu, megabaiti tano moja, na ukurasa wa mbele unazo nane. PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi, bure vilevile, inataka kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Kwangu unaweza kuagiza chai. Mteja mwenye bando la kuungaunga hakungoji.

Kiboksi nimekitoa mwenyewe, vichwa nimeviandika upya kwa Kiswahili, picha kijana wangu anazipunguza. Nikaomba Google wapitie upya kupitia hiyo hiyo Search Console. Kurasa zinaanza kurudi, polepole. Zile 301 bado zimenishinda, na paswedi ya hostingi, yaani kule tovuti inakohifadhiwa, wanayo wao.

Sasa naomba mnisaidie kwa moja: hili napeleka FCC, Tume ya Ushindani, kama mlaji, au naenda mahakama ya mwanzo kudai hela yangu? Risiti ninayo, PDF ninayo, na ile meseji ya "awamu ya pili" nimeihifadhi.

Na kama kuna mtu wa hiyo kampuni anasoma hapa: jina lenu sijalitaja, bado. Nataka laki sita yangu na paswedi ya hostingi. Namba yangu mnayo.