Naomba ushauri: kabati la nguo la ukutani, ukuta umepinda na una unyevu

Wakuu, habari zenu. Nataka kutengeneza mwenyewe kabati la nguo la ukutani, kutoka sakafuni hadi darini. Kina nimepanga sentimita 60 ili hanga zikae bila nguo kubanwa na mlango.

Kinachonitatiza ni ukuta wenyewe: upana wa juu unapishana na wa chini kwa karibu sentimita 2, na pembe moja hupata unyevu mvua ikinyesha. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) naipenda, inapokea rangi vizuri sana, ila ikilowa inavimba. Nitumie plaiwudi ya milimita 18? Au nitibu unyevu kwanza, halafu niache nafasi ya hewa nyuma?

Milango nataka ya kuteleza kwenye reli, kitanda kiko karibu. Je, niongeze kina kwa ajili ya reli? Na ule mwanya wa pembeni utakaobaki kwa sababu ukuta umepinda, mnauzibaje ukapendeza?