Naomba ukosoaji wa tovuti ya maktaba kabla sijaikabidhi kwa mteja

mfumaji

Ndugu wasanidi na wasanifu, salaam kwenu nyote. Kwa muda wa wiki sita nimekuwa nikitengeneza tovuti ya maktaba ndogo ya jamii, na nimebakiwa na wiki mbili kabla ya kuikabidhi. Nimeambatisha kiungo cha toleo la majaribio pamoja na picha za skrini za simu na za kompyuta, lakini kwa asiyeweza kuifungua kwa sasa nitaieleza kwa maneno.

Juu ya ukurasa wa mwanzo kuna picha kubwa inayojaza skrini nzima, yenye kauli ya ukaribisho kwa maandishi meupe, na picha hiyo hupokezana na nyingine nne kila baada ya sekunde tano. Chini yake zipo kadi tatu za vitabu vipya, matukio na historia ya maktaba. Utafutaji wa vitabu unapatikana kwenye menyu chini ya neno «Gundua», na saa za kufungua zimewekwa mwisho kabisa wa ukurasa kwa rangi ya kijivu, #999999, juu ya nyeupe.

Niliwahi kuionyesha kazi hii kwa kundi jingine la wasanidi, nikaambiwa kwamba ni safi sana na kwamba kijani kingependeza kuliko buluu. Nilishukuru, ila sikuwa na kitu cha kurekebisha. Kwa hiyo safari hii nauliza mahususi: je, ukurasa unafunguka upesi vya kutosha kwenye simu, maandishi yanasomeka bila taabu, na kuna jambo lolote katika mpangilio linalompoteza mgeni? Nitangulize kusema kwamba mteja anazipenda sana zile picha zinazopokezana.

pembe_nne

Ndugu mfumaji, nianze na kasi kwa kuwa ndiyo niliyoipima. Nilifungua ukurasa kwa zana za wasanidi zilizomo kwenye kivinjari, nikapunguza kasi ya mtandao hadi kiwango cha simu yenye mawimbi hafifu, na picha ya juu ikachukua karibu sekunde saba kuonekana. Kigezo cha Google kwa kitu kikubwa zaidi kinachoonekana mgeni anapofungua ukurasa ni sekunde 2.5 au pungufu, katika asilimia 75 ya matembezi. Namba yangu ni ya maabara, wala si ya wageni wako halisi, kwa hiyo uichukulie kama dalili. Lakini sekunde saba ni dalili isiyohitaji mganga.

Sababu nimeziona tatu. Kwanza, picha zote tano zina upana wa pikseli 4000 na zinashushwa kwa pamoja, ingawa mgeni anaiona moja tu, tena kwenye skrini isiyofikia hata nusu ya upana huo. Andaa kila picha kwa vipimo vitatu au vinne, uvitaje katika srcset pamoja na sizes, yaani sifa za HTML zinazoorodhesha vipimo hivyo, ili kivinjari kichague chenyewe, kisha uzihifadhi kwa WebP au AVIF, miundo ya picha yenye mafaili mepesi. Sababu ya pili ndiyo iliyonichekesha kidogo, kwa maana nami niliwahi kuifanya: picha ya kwanza umeiwekea loading="lazy", yaani umekiambia kivinjari kisiwe na haraka na kitu kile kile unachotaka kionekane mapema kuliko vyote. Agizo hilo ni la picha zilizo mbali chini ya ukurasa; hii ya juu liondolee, na ikibidi uipe fetchpriority="high", agizo la kuitanguliza katika kushushwa.

Tatu ni fonti. Umepakia uzito (yaani unene wa herufi) sita tofauti, nami nimeona unaotumika ni miwili. Ibakize hiyo miwili kwa WOFF2, muundo wa fonti uliobanwa kwa ajili ya wavuti, na uweke font-display: swap, ili maandishi yasomeke kwa fonti ya kifaa wakati yako ikiwa njiani.

Jambo jingine dogo: picha za kadi hazina width wala height kwenye HTML, kwa hiyo kivinjari hakizitengei nafasi, na kila moja inapofika maandishi yanaruka kwenda chini. Nilibonyeza «Matukio» nikajikuta nimefungua historia ya maktaba.

kipima_rangi

Naongezea upande wa usomekaji. Kijivu #999999 juu ya nyeupe kina utofauti wa mwangaza, kati ya maandishi na usuli, wa takriban 2.85 kwa 1. Miongozo ya WCAG, inayolenga tovuti zitumike hata na watu wenye ulemavu, na ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, inataka 4.5 kwa 1 katika kiwango chake cha kati, AA, kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kwa hiyo saa za kufungua hazifikii hata kiwango cha vichwa vya habari, nazo zimeandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote. Kijivu #767676 kinavuka mstari kwa taabu. Mimi ningetumia #595959, kinachofika 7 kwa 1, na hakuna msomaji atakayelalamika kwamba ukurasa umepoteza uzuri wake.

Maandishi meupe juu ya picha ni tatizo gumu zaidi, kwa kuwa utofauti unabadilika kila picha inapobadilika. Juu ya rafu za mbao yanasomeka vizuri. Juu ya picha ya dirisha lenye mwanga wa mchana neno «Karibu» linamezwa lote. Tandika tabaka jeusi lenye uwazi kiasi kati ya picha na maandishi, au uyashushe maandishi chini ya picha na kuachana na ugomvi huo.

Kisha niliweka panya kando, nikatumia kibodi peke yake. Nilipobonyeza Tab mara ya tatu sikujua tena niko wapi, kwa sababu CSS yako ina outline: none kwa kila kitu, yaani umeufuta mstari unaozunguka kitu kilichochaguliwa kwa kibodi. Asiyetumia panya umemzimia taa. Kama mstari wa kivinjari haukupendezi, chora wako kwa :focus-visible, kiteuzi cha CSS cha hali hiyo, lakini usiuondoe bila kuweka mbadala. Vivyo hivyo user-scalable=no katika meta ya viewport, mstari wa HTML unaoeleza ukurasa ukae vipi kwenye skrini ya simu: umekusudia kumzuia mtu kukuza ukurasa, na anayetaka kuukuza ni yule yule asiyeona vizuri.

La mwisho halionekani kwa macho. Ukurasa wako umeandikwa kwa Kiswahili kitupu, ila kiolezo ulichoanzia kimebaki na lang="en", alama inayotaja lugha ya ukurasa kuwa Kiingereza. Nilikiwasha kisoma skrini, programu inayowasomea kwa sauti wasioona, nacho kikanisomea «vitabu vipya» kwa matamshi ya Kiingereza hadi nikadhani kimeharibika. Badilisha iwe lang="sw". Ni herufi mbili tu, na nina hakika nusu ya tovuti zetu zina kosa hilo hilo, ya kwangu ikiwemo hadi mwaka jana.

kalamu_na_msimbo

Wenzangu wameshughulikia namna ukurasa ulivyojengwa, na sina la kuwapinga. Mimi nina wasiwasi na swali lenyewe. Ndugu mfumaji ametueleza kilichopo juu, kilichopo katikati na kilichopo chini, lakini hajatueleza mgeni anakuja kutafuta nini. Bila kulijua hilo tutakadiria uzuri tu, na huko ndiko kulikozaliwa ule ushauri wa kijani na buluu.

Nilijaribu kukisia. Mtu anayefungua tovuti ya maktaba, kwa kiasi kikubwa, anataka kujua mambo mawili: kitabu fulani kipo, na maktaba itakuwa wazi akifika. Niliwapa jamaa zangu wawili simu yenye ukurasa wako, nikawaomba waniambie kama maktaba inafunguliwa Jumamosi, kisha nikanyamaza. Wa kwanza alifika baada ya kupita kadi zote tatu na kurudi juu mara mbili. Wa pili alifungua «Matukio», akakata tamaa, akasema angepiga simu. Watu wawili si utafiti, lakini kilichowakwaza ni kimoja, na huhitaji mtu wa tatu kukithibitisha.

Kwa hiyo ningepindua mpangilio. Kisanduku cha kutafuta kikae juu, wazi, bila kufichwa ndani ya menyu, na pembeni yake sentensi moja inayosema leo tunafunga saa ngapi. Neno «Gundua» liondoke. Linapendeza katika tangazo, lakini mtu anayetafuta kitabu hana nia ya kugundua kitu, anataka kukitafuta, basi mwandikie «Tafuta kitabu». Hali kadhalika kitufe cha fomu kilichoandikwa «Anza safari yako»: nilisita kukibonyeza kwa kutojua kitanipeleka wapi. «Jiandikishe kuwa mwanachama» ni kirefu, najua, na kwenye skrini ya pikseli 320 kinamwagika nje ya kitufe kwa kuwa kiolezo kilipimwa kwa neno fupi la Kiingereza. Dawa yake ni kuacha kitufe kirefuke na maneno yashuke mstari wa pili, badala ya kulikatakata neno la Kiswahili ili likitoshe kitufe cha wengine.

Kuhusu picha zinazopokezana, ushauri wangu ni kuziondoa. Zinamnyang'anya msomaji sentensi kabla hajaimaliza, na chini ya WCAG kitu kinachojiendesha chenyewe kwa zaidi ya sekunde tano kando ya maudhui mengine lazima kiwe na njia ya kukisimamisha, ambayo wewe hujaiweka.

fundi_wa_wateja

Nakubaliana na karibu yote, isipokuwa wepesi wa hilo neno «ziondoe». Mwenzetu alishasema mteja anazipenda, na sisi tumelipita kana kwamba mteja ni kikwazo cha barabarani. Nimekabidhi tovuti nyingi zenye picha za namna hiyo, na mara nyingi nilipouliza kwa upole niligundua kwamba hakuna aliyezitaka picha. Kila idara ilitaka kuwa juu ya ukurasa, na picha tano zikawa suluhu iliyomwepusha mkuu na lawama. Ukiziondoa bila kugusa kiini hicho zitarudi baada ya mwezi mmoja, zikiwa saba.

Mwulize mteja wako picha ya tatu ni ya nani. Kisha mpelekee video fupi ya yule jamaa aliyeshindwa kupata saa za Jumamosi, kwa idhini yake. Hoja ya kwamba wasanidi wenzangu wamesema haina uzito mbele ya mteja; mtu anayehangaika na simu yake anao.

Na tusiifanye maktaba ifanane na fomu ya kodi. Picha moja nzuri, iliyotulia, ina kazi yake.

mfumaji

Ndugu zangu, nimepokea yote, na nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nikirekebisha. Picha ya juu sasa ni moja, imetulia, inachukua chini ya nusu ya urefu wa skrini, na katika jaribio lile lile la mtandao hafifu inaonekana baada ya sekunde 1.9. Kijivu kimekuwa #595959, alama ya kibodi imerudi, kukuza kumeruhusiwa na lang imerekebishwa. Utafutaji na saa za leo vipo juu.

Ndugu fundi_wa_wateja alikisia sawasawa. Picha ya tatu ilikuwa ya kitengo cha watoto, na walihofia kusahauliwa. Tumekipa kitengo hicho ukurasa wake na kiungo katika menyu kuu, na hakuna aliyeuliza tena kuhusu zile picha. Nimekataa jambo moja tu: uzito wa fonti nimebakiza mitatu badala ya miwili, kwa kuwa majina ya waandishi yanahitaji mlazo, na gharama yake nimeipima nikaona inavumilika.

Limezuka swali jipya. Kila herufi inayoandikwa kwenye kisanduku cha kutafuta hutuma ombi kwa seva, na ukurasa unakwama kidogo. Pia mtu akikosea herufi anaona ukurasa mtupu wenye maneno «Hakuna matokeo». Mngefanyaje?

pembe_nne

Usitume ombi hadi anayeandika kwenye kisanduku atulie kwa milisekunde 300 hivi, na ombi la zamani ulifute jipya linapoondoka, la sivyo majibu yatafika kwa mpangilio wa kubahatisha. Huko kukwama kwenyewe nadhani kunatokana na kuchora upya orodha nzima kila mara. Chora matokeo 20 ya kwanza, mengine yangoje. Lengo ni ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200, kigezo ambacho Google imekitumia tangu Machi 2024 kupima mwitikio.

kalamu_na_msimbo

Kwenye ukurasa mtupu rudia neno alilolitafuta kama alivyoliandika, ili aone kosa lake mwenyewe, kisha mwonyeshe majina yaliyo karibu nalo. Kama hakuna hata moja, weka kiungo cha kuomba kitabu hicho kiletwe, na jina alilolitafuta liwe limeshajazwa kwenye fomu. Msimamizi wa maktaba atapata orodha ya vitabu vinavyokosekana bila kuiomba.