Vita ya Orïsha imegeuzwa ugomvi wa sebuleni

Wanajukwaa, salaam.

Jana usiku nimemaliza kusoma Children of Virtue and Vengeance cha Tomi Adeyemi, riwaya ya pili kuhusu nchi ya kubuni iitwayo Orïsha, na hasira niliyolala nayo ndiyo niliyoamka nayo. Kile cha kwanza, cha mwaka 2018, tulikisoma kwa zamu watu sita hapa Nkuhungu, Dodoma, nakala moja tu, hadi jalada likabandikwa kwa gundi mara mbili, kwa hiyo sikuja hapa kutafuta kasoro.

Kitabu cha kwanza kilikuwa na hoja iliyonyooka. Mfalme Saran aliuzima uchawi, akawaangamiza wenye uchawi, wanaoitwa maji (mpwa wangu alicheka hadi akakohoa, akidhani wanazungumzia ya bombani), na mama yake Zélie, binti shujaa wa hadithi, akanyongwa kwa mnyororo. Mwendelezo huu, uliotoka Desemba 2019, unaanza uchawi ukiwa umerudi, ila umewaingia hata wakubwa wa ikulu, hadi malkia Nehanda mwenyewe anapasua ardhi. Nilipofika hapo niliweka chai chini. Ikiwa silaha pekee ya mnyonge sasa anayo pia aliyekuwa akimkanyaga, mnyonge atadai haki yake kwa kutumia nini? Hilo ni swali la siasa hasa, lililostahili kupewa nusu ya kitabu, lakini mwandishi analigusa kwa ncha ya kidole na kuondoka.

Badala yake tunapewa Amari, binti wa Mfalme Saran, na Zélie, mabinti waliovuka nchi nzima pamoja na kufutana machozi, ambao sasa hawawezi kukaa dakika tano wakaulizana jambo. Amari anataka kiti cha enzi, Zélie hataki kusikia jina la Inan, kaka yake Amari, na kila wazee wa koo kumi wanapoketi kupanga vita, mmoja anainuka na kwenda kufanya lake. Nimekulia katika mji wa Bunge. Najua vikao huvunjika na watu hutoka nje kwa kelele. Hata hivyo, kikao kilichovunjika huacha azimio, au angalau huacha kambi mbili zinazojua zinagombania nini. Hawa hawana azimio wala kambi, wana kinyongo tu, na maiti za wanakijiji zinaongezeka kwa sababu ya maneno ambayo hayakusemwa.

Mapenzi ya Zélie kwa Inan, na kwa yule mamluki Roën, nayapita, kwa kuwa hayakuniudhi kiasi hicho.

Mwisho ndio ulionimaliza. Vita ya kurasa mamia inafikia kilele, kisha ghafla Zélie anazinduka akiwa mateka ndani ya meli ya watu ambao hatukuwahi kuwasikia, na kitabu kinafungwa hapo hapo. Waliokinunua kilipotoka walisubiri hadi Juni 2024 ndipo cha tatu kikachapishwa.

Mpwa wangu ameshaniomba nimnunulie hicho cha tatu. Nimemwambia anirudishie kwanza shilingi 38,000 za hiki.