Naomba ushauri: programu ya kuorodhesha filamu zangu za nyumbani

Habari zenu wakuu. Nina filamu kama 900: nusu ni DVD za kabatini, zilizobaki ni mafaili kwenye diski mbili za nje. Juzi nimenunua DVD ambayo ninayo tayari, na hii ni mara ya tatu. Mke wangu kacheka, mimi sikucheka.

Nilianza na Excel, nikachoka nilipofika herufi D. Nikahamia kwenye programu moja ya simu inayosoma msimbopau wa kava. Nzuri, ila simu ilipokufa ndipo nikagundua orodha yote ilikuwa humo humo tu.

Sasa naangalia Kodi na Jellyfin, programu za kupanga na kuchezesha filamu, zote za bure. Mafaili nimeanza kuyapa majina yenye mwaka kwenye mabano, maana bila mwaka filamu mbili za jina moja zinachanganywa, bango la hii linabandikwa kwa ile. Kinachonishinda ni DVD za kabatini, kwa sababu programu hizi zimeundwa hasa kwa ajili ya mafaili. Nyinyi mnaziingizaje?

Halafu, nani ametumia programu ya tinyMediaManager kuandika mafaili ya NFO (mafaili madogo ya maandishi yenye taarifa za filamu) kando ya kila filamu? Nimevutiwa kwa kuwa taarifa zinabaki kwenye diski hata ukihama programu.

Na iwe na sehemu ya kuandika nimemwazima nani nini, tafadhali. Kuna rafiki yangu ana DVD zangu sita na anakana kabisa.