Windows 10 imekwisha muda: niweke mfumo gani kwenye kompyuta ya nyumbani?

mkazi_jinja
Wakuu, nina HP Compaq Pro 6300 ya mezani, Core i5 kizazi cha tatu, RAM GB 4, diski ya kawaida ya GB 500. Ina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Windows 11 inaikataa mashine hii. Kazi zake ni barua, YouTube, hesabu za duka, na kijana wa S.5 (kidato cha tano) anayesoma Sub-ICT, somo la ziada la kompyuta. Leseni sinunui, na intaneti ni bando la simu.

fundi_arua
Weka mfumo wa Linux Mint 22, toleo jepesi la Xfce. Ni bure, na itapata masasisho ya usalama hadi 2029. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane. Njia za kuilazimisha zipo, ila kwa RAM hiyo utajitesa bure.

Pesa uliyookoa kwenye leseni nunua SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka) ya SATA, GB 240. Hiyo itaipa mashine kasi kuliko mfumo wowote. Ikibaki, ongeza RAM ya DDR3, ile ndefu. Ya laptopu haiingii.

ISO, yaani faili la kusakinishia Mint, ni karibu GB 3, kwa hiyo ipakue kwa bando la usiku. Hakiki sha256 (namba inayoonyesha kama faili limefika zima) kabla ya kuiandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Faili lililoharibika njiani hukwamisha kazi katikati, kisha lawama inaiangukia flashi. Washa ukibonyeza Esc, halafu F9, uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski: jaribu sauti na Wi-Fi hapo hapo. Wi-Fi ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe USB tethering, yaani kompyuta itumie intaneti ya simu.

mwalimu_bombo
Barua na YouTube, sawa. Lakini huyo wa S.5 msimfutie Windows! Mazoezi ya Sub-ICT shuleni kwa kawaida hufanywa kwa Access na Publisher. Kwenye LibreOffice, programu za ofisi za Mint, Base haitengenezi faili la Access (.accdb), na Draw hufungua la Publisher (.pub) lakini haihifadhi. Word na Excel za kawaida hazina shida, ila kama hesabu za duka zina makro (amri za kujiendesha ndani ya faili), zijaribu kwanza kwenye nakala.

fundi_arua
Kweli, hilo la Access sikulifikiria. Basi abaki na yote mawili.

mbale_waya
Na msigawanye diski. Ya MBR, mpangilio wa zamani wa diski, hubeba partisheni (vigawanyo) nne tu za msingi, na HP za enzi ya Windows 7 mara nyingi huwa zimejaza zote. Mkazi, ukiwa na SSD, chomoa waya wa diski ya Windows, sakinisha Mint kwenye SSD peke yake, kisha rudisha waya. Kila mfumo utakuwa na kiwashio chake, nawe utachagua kwa F9. Windows itumike kwa mazoezi tu, bila intaneti.

Ndani ya Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, ili Windows izime kabisa badala ya kulala. Usipofanya hivyo, Mint itasoma mafaili ya diski hiyo lakini itakataa kuandika. Saa nayo itapishana kwa saa tatu, maana Linux huweka UTC (saa ya kimataifa) kwenye saa ya bodi na Windows huweka saa za hapa. Kwenye Mint andika `timedatectl set-local-rtc 1`.

Kwenye Update Manager ya Mint, hakikisha masasisho ya kujiendesha yamezimwa, uyafanye mwenyewe bando likiwepo.

mkazi_jinja
SSD hiyo inahitaji waya wake?

mbale_waya
Ndiyo, waya wa data wa SATA. SSD nyingi huuzwa bila huo, na umeme itauchukua kwenye plagi ya SATA iliyo wazi ndani ya kasha. Kama hakuna iliyo wazi, nunua kigawanyio.