Bunduki kuukuu za Ethiopia: ziuzwe kwa wakusanyaji wa Marekani au zichomwe?

Kaskazi (mleta mada)
Wakuu, mada mezani. Kwa miaka kadhaa sasa bunduki zilizolala kwenye maghala ya Ethiopia zinauzwa Marekani: Vetterli na Carcano za Waitaliano, Gras na Lebel za Wafaransa, Lee-Enfield za Waingereza, Mauser za kiwanda cha FN cha Ubelgiji zilizonunuliwa enzi za Haile Selassie. Wanaozinunua ni wakusanyaji wa silaha za kale. Wakati huohuo Kenya, Novemba 2016, ilizitia moto silaha 5,250 pale Ngong. Nchi zote mbili zimo katika Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo. Nani kafanya sawa?

Msimamo wangu ni moto. Bunduki iliyouzwa bado ni bunduki. Leteni hoja, matusi tuwaachie wenye muda.

Mkonge wa Sheria
Kaskazi, umeweka vitu viwili kwenye kapu moja. Silaha za Ngong zilikuwa za haramu, zilizokamatwa au kusalimishwa na raia. Za Ethiopia ni za serikali, na zimekwisha kazi jeshini. Itifaki inazitaka nchi zikusanye, zihifadhi salama, ziharibu au ziondoe kwa uwajibikaji silaha za ziada zilizopitwa na wakati. Hayo maneno ya kuondoa kwa uwajibikaji hayakuwekwa kwa bahati mbaya; ndiyo yanayoacha mlango wa kuuza. Unaweza kuuchukia mlango huo, lakini usiseme haupo.

Fundi Chuma
Kabla hatujafika mbali, tuangalie bunduki inaingiaje kule, maana wengi wanadhani unapakia kontena na kuteremsha.

Hadi 1968 ilikuwa karibu hivyo. Carcano iliyomuua Kennedy mwaka 1963 ilikuwa mali ya ziada ya jeshi la Italia, iliagizwa kwa posta, dola 19.95 pamoja na darubini yake. (Kejeli yake: Kennedy mwenyewe, akiwa seneta wa Massachusetts mwaka 1958, alipeleka muswada wa kuzuia uingizaji wa bunduki za ziada za kijeshi. Massachusetts kuna viwanda vya bunduki, na viwanda havikupenda bei hizo.) Sheria ya bunduki ya Marekani ya Oktoba 1968 ikafunga mlango. Mwaka 1984 ukafunguliwa upenyo: bunduki ndefu zinazohesabiwa kuwa za kumbukumbu ziruhusiwe. Kwa kawaida hiyo ni bunduki iliyotimiza miaka 50 na ipo katika umbo lake la asili. Ukibadilisha kitako au kukata mtutu uifanye ya kuwindia, umeitoa kwenye kundi hilo.

Mwenye ruhusa ya kuleta ni mwingizaji mwenye leseni tu. Mkusanyaji ana leseni yake, dola 30 kwa miaka mitatu, lakini hiyo ni ya kununulia ndani ya nchi. Haimruhusu kuagiza mali ya jeshi kutoka nje. Mwingizaji anaomba kibali kwa Fomu namba 6 ya ATF, idara ya Marekani inayosimamia silaha, mzigo ukifika anapeleka Fomu 6A forodhani, kisha ana siku 15 tangu mzigo uachiwe kuchonga alama kwenye kila bunduki: jina lake, mji na jimbo, nchi iliyotengenezwa, modeli, ukubwa wa risasi, pamoja na namba. Kina cha alama kisipungue inchi 0.003, na herufi za namba zisiwe fupi kuliko inchi 1/16. Juu ya yote kuna kodi ya asilimia 11 mwingizaji anapouza.

Zilizotengenezwa 1898 au kabla ni habari nyingine. Sheria ile haizihesabu kuwa silaha za moto kabisa. Vetterli nyingi na Gras zinaingia humo.

Bi Msumari
Kwa hiyo Vetterli inanunuliwa kama saa ya ukutani?

Fundi Chuma
Kwa sheria ya shirikisho, karibu hivyo. Majimbo mengine yana yao. Ila mwingizaji lazima athibitishe mwaka, na mwaka upo kwenye chuma. Mtutu uliobadilishwa baadaye haubadilishi umri. Kinachoangaliwa ni mwili wa bunduki, pale inapokaa bolti, yaani kile chuma kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono kuingiza risasi.

Kaskazi
Asante kwa darasa, lakini umenipa hoja yangu. Karatasi zote hizo zinaishia kwa mnunuzi wa kwanza. Katika majimbo mengi mtu binafsi akimuuzia jirani yake, hakuna anayeuliza kitu. Na wewe mwenyewe umeitaja Carcano ya 1963. Bunduki kuukuu, ya bei chee, ilitosha.

Mzee wa Ghala
Hapa ndipo mjadala unapokosea njia kila mara. Tunabishana kuhusu bolti wakati tatizo la maghala yetu ni otomatiki.

Fungua ghala lolote la jeshi la Afrika leo, mzigo mkubwa ni AK na jamaa zake, kisha G3 na FAL, nazo za otomatiki. Hizo hakuna mkusanyaji wa Marekani atakayeletewa zikiwa nzima. Kanuni ya ATF ni kwamba bunduki iliyozaliwa otomatiki ni otomatiki milele, hata ukiifunga isifyatue mfululizo. Miaka 50 haiisaidii. Njia pekee ni kuukata mwili wake vipande kwa moto wa gesi na kuuza vipuri vilivyobaki, na tangu 2005 hata mitutu yake haipokelewi. Kwa hiyo soko hili linachukua bunduki za bolti na chache za nusu-otomatiki, zilizotengenezwa kabla majeshi hayajahamia kwenye otomatiki. Baada ya hapo kisima kimekauka. Bunduki zinazoua watu Turkana na Ituri haziko kwenye orodha ya mtu yeyote huko Florida au Texas.

Anayesema tuuze ili kupunguza silaha Afrika anadanganya, na anayesema tusiuze ili kupunguza mauaji Marekani anatia chumvi. Tunachouza ni vitu vya kale. Tubishane juu ya vitu vya kale.

Mkonge wa Sheria
Niongeze: hata nchi inachagua. Marekani ina orodha ya nchi ambazo silaha zake hazipokelewi; Kongo, Somalia na Sudan zimo. Kuna msamaha kwa bunduki za kumbukumbu, lakini ni lazima ziwe zimekaa miaka mitano mfululizo katika nchi isiyo kwenye orodha kabla ya kuingizwa. Ethiopia ilipata soko kwa sababu ilikuwa nje ya orodha.

Na bunduki ikiwa ya Kimarekani kwa asili, mambo ni magumu zaidi. Korea Kusini ilitaka kuuza Garand zake (bunduki za jeshi la Marekani za Vita Kuu ya Pili), zaidi ya 80,000, zilizotolewa kama msaada. Ruhusa ikakwama, na Agosti 2013 serikali ya Obama ikatangaza kwamba silaha za kijeshi zilizotolewa na Marekani hazitarejeshwa kwa watu binafsi. Garand za Ufilipino zilirudi baadaye, lakini kwa njia nyingine: hizo zilikuwa za mkopo, bado mali ya jeshi la Marekani, likazichukua na kuzipeleka kwenye programu ya kiraia ya ulengaji shabaha iliyoundwa kwa sheria. Msaada au mkopo, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua.

Nahodha Tanga
Usafiri hamjaugusa. Bunduki ndefu ni kilo 4 hivi. Elfu moja ni tani 4 bila masanduku. Ethiopia haina bahari, mzigo unashuka Djibouti. Bila risasi si mzigo wa hatari kwa kanuni za meli, lakini kampuni nyingi za meli zinaogopa neno "silaha" kwenye hati. Kila bandari ya kubadilishia meli ina kibali chake cha kupitisha, na kibali kimoja kikichelewa kontena linakaa gati likilipiwa kwa siku. Hapo ndipo faida inapozama. Unyevu nao: bunduki iliyotoka nyanda za juu kavu ikikaa wiki sita kwenye kontena pwani bila grisi inafika na kutu mpya juu ya kutu ya zamani.

Fundi Chuma
Hilo la hali ya bunduki liwekwe wazi, maana watu wanaona picha za Garand zilizong'arishwa wakadhani ndizo hizi. Za Ethiopia zimetumika mpaka mwisho. Vitako vimepasuka na kufungwa ngozi mbichi au waya, skrubu zimebadilishwa kwa misumari, mchwa wamekula mbao. Mambo yanayoharibika, na kwa nini:

Bolti. Maghalani bolti mara nyingi hutolewa na kuwekwa gunia lake ili mwizi asipate bunduki kamili. Usalama mzuri, lakini ukirudisha bolti yoyote kwenye bunduki yoyote, nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda haitakuwa ile iliyopimwa kiwandani. Ikizidi, ganda linanyooka na kukatika ndani ya chemba (pale risasi inapokaa mwanzoni mwa mtutu), na gesi inarudi usoni kwa mfyatuaji. Lazima ipimwe kwa geji. Lee-Enfield namba 4 ina nafuu: kichwa cha bolti kinafunguliwa na kilitengenezwa kwa saizi, 0 hadi 3, unapandisha saizi. Mauser haina nafuu hiyo.

Vetterli. Asili yake ni risasi ya milimita 10.35 ya baruti nyeusi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waitaliano walizigeuza nyingi kwa kuingiza bomba ndani ya mtutu ili zitumie risasi ya Carcano ya milimita 6.5. Mwili ni uleule wa zamani, shinikizo ni jipya. Hizo ni za kuning'iniza ukutani. Anayeuza bila kusema hivyo anamhatarisha mnunuzi.

Mtutu. Risasi za zamani zilikuwa na fataki, kile kidude cha kuwashia baruti, yenye klorati ya potasiamu. Ikilipuka inaacha chumvi, kama ya mezani kwa tabia, na chumvi hiyo inavuta maji hewani. Mafuta hayaiyeyushi. Maji ya moto ndiyo yanayoiondoa, kisha ukaushe, kisha ndiyo mafuta. Askari aliyepaka mafuta tu alidhani amesafisha. Ndiyo maana unakuta bunduki nzuri kwa nje, ndani imeoza.

Bi Msumari
Na mimi nina neno kuhusu hizo za ukutani. Vetterli ndiyo silaha kuu waliyokuwa nayo Waitaliano walipopigwa na Waethiopia vitani Adwa, Machi 1, 1896. Nyingi ziliokotwa uwanjani na kubaki Ethiopia. Mauser za FN zina nembo ya simba. Kuna zenye herufi za Kiamhari zilizochongwa na vitako vilivyopigwa misumari ya shaba. Huo ni ushahidi wa historia, na ushahidi wake uko kwenye mikwaruzo, sio kwenye modeli. Sasa mwingizaji anafika nazo, anang'oa ngozi iliyoviringishwa kitakoni kwa sababu inanuka, anachonga jina la kampuni yake kwenye mtutu, anauza mojamoja kwa watu elfu. Kaskazi anataka kuchoma, ninyi mnataka kutawanya. Makumbusho mmewauliza?

Mzee wa Ghala
Bi Msumari kasema lililo zito kuliko yote humu. Lakini makumbusho hayahitaji Vetterli 5,000. Yanahitaji kuchagua kwanza: kila modeli, kila kiwanda, kila aina ya alama ya kienyeji, na zenye matengenezo ya mafundi wa vijijini, hata zikiwa mbovu. Mtu anayejua kusoma mihuri apite na orodha kabla mnunuzi hajaruhusiwa kuingia ghalani. Mnunuzi akitangulia ataondoka na zilizo bora, kwa sababu anajua anachokitafuta na mtunza ghala hajui. Mali ikiuzwa kwa lundo, bunduki adimu inakwenda kwa bei ya chuma chakavu.

Na Kaskazi, kuhusu moto: moto wa kuni unachoma kitako na kulegeza springi. Mtutu na mwili vinabaki. Chuma kimepoteza ugumu wake na ni hatari kufyatua, lakini umbo lipo, na fundi mwenye njaa atakijaribu. Kuharibu kweli ni kukata kwa msumeno au mkasi wa haidroli mahali patatu: kwenye chemba, katikati ya mwili, na kwenye bolti. Kisha tanuri. Hiyo inahitaji umeme, ulinzi, mtu wa kusoma namba kabla ya kila mkato na mwingine wa kushuhudia. Moto wa hadharani ni kwa ajili ya kamera.

Kaskazi
Sawa, la moto nimelipokea. Basi nasogea: za kabla ya 1899 makumbusho yachague, zilizobaki ziuzwe, na orodha ya namba itangazwe kabla kontena halijafungwa. Otomatiki zikatwe zote. Lakini Lee-Enfield na Mauser bado nasema msumeno. Risasi zake zinatengenezwa hadi leo, na zinalenga mita mia kadhaa bila shida.

Fundi Chuma
Mkuu, bunduki ya kuwindia inayouzwa mpya kule dukani ni Mauser ileile, imepunguzwa uzito na kuwekewa darubini. Ukiikata ya Ethiopia, mwindaji wa Montana hatakosa bunduki. Atakayekosa ni anayeitaka ile yenye simba.

Bi Msumari
Na yenye simba isitoke kabisa.

Mkonge wa Sheria
Zote zenye simba? Ziliagizwa kwa maelfu.

Bi Msumari
Basi tuzihesabu kwanza. Kuna anayejua ngapi zimeshatoka?