Pikipiki kuukuu inayopandisha resi yenyewe: tupeane uzoefu, wa Mwanza mje hapa

MwanaNyegezi
Wakuu, habari za jioni. Leo kwenye foleni ya Mabatini kuna jamaa alisimama pembeni yangu, pikipiki yake inalia kama imebanwa mlango. Kaachia mkono kabisa, resi iko palepale juu. Mama mmoja kwenye daladala akachungulia dirishani: "We kijana, unamtisha nani?" Jamaa akabaki anacheka kwa aibu. Mimi sikucheka, maana yangu ndiyo hiyohiyo.

Ninayo Honda CG125, mkono wa tatu, nilimkuta nayo mzee mmoja Magu. Asubuhi ikiwa ya baridi inatulia vizuri. Nikitoka Nyegezi hadi mjini ikapata moto, sailensi, yaani ile resi ya injini ukiwa hujavuta mafuta, inapanda yenyewe na kushuka inajivuta. Nikishusha skrubu ya sailensi, kesho yake asubuhi inazima kila nikisimama. Waliopitia haya mseme.

Kokoto Laini
Shusha skrubu, vuta choki asubuhi, maisha yaendelee. Mimi mwaka wa pili huu.

Fundi wa Mkolani
Mkuu hapo juu, huo ni ugonjwa umeufunika shuka. Skrubu ya sailensi inainua tu ile slaidi, kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta kupitisha hewa. Kama hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, ukiishusha unaua sailensi ya baridi na tatizo linabaki.

MwanaNyegezi, kabla hujafungua chochote: injini ikiwa inaunguruma, kata usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Resi ikipanda ukikata, waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye mshikio hadi kabureta, umekaza au umepitishwa vibaya. Mshikio uwe na uhuru wa milimita 2 hadi 6 kabla haujaanza kuvuta.

MwanaNyegezi
Nimekata kote, haibadiliki.

Mtu wa Sengerema
Basi inavuta hewa. Huo mpira kati ya kabureta na hedi, kichwa cha injini, umechoka. Rushia petroli kidogo kwenye maungio, resi ikibadilika umempata mchawi.

Fundi wa Mkolani
Petroli kwenye injini ya moto! Wewe unataka tukuchangie mchango wa aina gani? Tumia maji ya sabuni, kidogokidogo kwenye maungio. Yakivutwa ndani, mlio utabadilika papo hapo. Na CG haina mpira pale, ina kile kipande cheusi kigumu chenye oringi, ile pete ya mpira.

Mtu wa Sengerema
Nimerushia petroli miaka 11 na nyusi zangu zipo.

Fundi wa Mkolani
Weka picha ya hizo nyusi.

Sato Mkavu
Hii mada imenirudisha Igombe, kule ziwani, acheni niseme maana sijawahi kuisimulia yote.

Nilikuwa nabeba abiria. Pikipiki ilikuwa imepandisha resi kama wiki nzima, nami kila siku nashusha skrubu robo mzunguko, kama Kokoto hapo juu. Ufunguo ulishakatikia ndani ya swichi, nikawa nawasha kwa kuunganisha waya chini ya tangi. Kitufe cha kuzimia nacho nilishakikata kwa sababu kilikuwa kinazima ovyo nikipita kwenye mashimo. Yaani chombo kina njia moja ya kuwaka na ya kuzima haipo.

Siku hiyo nimempakia mama mmoja mwenye ndoo mbili tupu, anafuata dagaa. Tumefika kule kwenye mteremko wa kushukia ziwani, naachia mkono, injini haiachii. Nikabana klachi, ikapiga kelele mpaka nikahisi pistoni inatokea kifuani kwangu. Nikaogopa itapasuka, nikaachia klachi. Ikaruka mbele kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Mama alisharuka zamani, nilimwona kwenye kioo amesimama wima katikati ya njia, ndoo zote mbili mkononi, hajadondosha hata moja.

Mbele yangu nyavu za dagaa, zimetandazwa mchangani. Breki ya nyuma nakanyaga, tairi linateleza juu ya dagaa kama limepakwa sabuni. Nikapita wavu wa kwanza, wa pili, wa tatu ukajizungusha kwenye cheni mpaka injini ikajinyonga yenyewe.

Kimya. Nasikia mawimbi tu. Halafu harufu. Dagaa walikuwa wamenasa kwenye mapezi ya injini na wakaanza kukaangika. Nakwambia walikuwa wanachuruzika mafuta. Akina mama wakaja na fagio zao za kukusanyia, nikajua leo nalala hospitali, Bugando. Kumbe mmoja, mtu mzima, akaniangalia, akatazama injini, akanyofoa dagaa mmoja akamla. Akasema, "Amekosa chumvi. Ndoo tatu, baba, unalipa lini?"

Nilimlipa kwa kumbebea mzigo mpaka mjini bure, safari kwa safari, tukafuta deni. Chanzo? Nyuzi mbili za waya wa mafuta zilikuwa zimekatika juu kwenye mshikio, ncha zikawa zinang'ang'ania ndani ya gamba lake. Ile resi ya wiki nzima ilikuwa inanipigia hodi.

Mwalimu Jioni
😂😂 "Amekosa chumvi."

Kokoto Laini
Sasa si ungefunga koki ya mafuta?

Sato Mkavu
Bakuli la kabureta linabaki na mafuta, kaka. Ile inaendelea kuzunguka vizuri tu wakati wewe unaingia ziwani.

Fundi wa Mkolani
Koki haikusaidii kwa haraka hiyo. Usiachie klachi ghafla ukiwa gia ndogo. Bana klachi, simama kwa breki, kisha tia gia kubwa, shikilia breki zote na uachie klachi. Itazima. Au ng'oa kofia ya plagi, ila ukiwa na kitambaa kikavu, umeme wake unauma.

Mtu wa Sengerema
Kwenye taharuki nani anakumbuka gia kubwa?

Nansio Damu
Mimi nauliza jingine. Dagaa wa kutandaza mchangani mnawalaje? Sisi Ukerewe tunaanika juu ya mawe.

Sato Mkavu
Nimesema nyavu. Na mawe yenu kunguru wanayafanyia nini tusiseme.

Nansio Damu
Mchanga unapita kwenye wavu. Kila nikila dagaa wa huko meno yanasaga kokoto.

Kokoto Laini
Mbona mnanitaja?

Mwalimu Jioni
Turudi kwenye mada kabla hatujafika kwenye samaki furu. Mimi yangu ilinitoa jasho kwa ujinga wangu. Nilisafisha kabureta mwenyewe Jumapili, nikarudisha slaidi kinyume. Ile slaidi ina upande uliokatwa mshazari, unatakiwa utazame kwenye chujio la hewa, na mfereji wake ukae kwenye kile kijipini ndani. Mimi nikaisukuma kwa nguvu ikaingia. Kupiga kiki, nyumba nzima ikatoka nje. Mke wangu akauliza kama nimenunua mashine ya kusaga.

Fundi wa Mkolani
Ukisukuma kwa nguvu ujue umekosea. Slaidi huwa inashuka yenyewe, unaisikia *tak*.

Mama Pasiansi
Ya kaka yangu walibadilisha kabureta mbili, kumbe valvu zimebana. Nafasi ya valvu za CG ni milimita 0.08 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Mafundi wengi wanapima kwa kidole.

Kokoto Laini
Kidole cha fundi mzuri kinatosha.

Mama Pasiansi
Sawa, kaka. Tukutane Igombe.

MwanaNyegezi
Wakuu, nimerudi, siku mbili baadaye. Maji ya sabuni yamejibu. Nilivyopaka upande wa hedi resi ikashuka ghafla, nikasikia kama mtu anafyonza chai ya moto. Nimefungua: oringi imelala bapa, ngumu kama ukucha, na kile kipande cheusi kimepinda. Ukikiweka juu ya kioo unaona mwanga unapita katikati. Huenda kuna aliyewahi kukaza boliti mpaka kikakunjika. Nimekisugua kwa msasa laini juu ya kioo mpaka kikalala sawa, oringi mpya, boliti nimekaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Skrubu nimeipandisha upya injini ikiwa ya moto. Vitabu vinasema mizunguko 1400 kwa dakika, yangu haina mita ya kuonyesha, nimesikiliza tu. Leo nimepanda hadi Bugando na kushuka, imetulia. Wabeja sana, asanteni.

Mtu wa Sengerema
Petroli ingekuonyesha siku ileile.

Fundi wa Mkolani
Bado tunasubiri picha ya nyusi.

Nansio Damu
Sato Mkavu, yule mama wa Igombe bado anauza? Nataka ndoo moja, wa mawe wamepanda bei.